Mdogo wangu amekatwa vidole na msumeno wa nyama kazini, haki zake ni zipi?

Dada wa Mbagala aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Ninaomba msaada wa mawazo kwa jambo lililotukalia vibaya nyumbani kwa wiki tisa sasa, na ninawaomba hasa wenye uzoefu wa kazi ya bucha na wanaoijua sheria ya kazi wanisome mpaka mwisho.

Mdogo wangu ana umri wa miaka 23. Kwa miaka miwili amefanya kazi katika sehemu ya nyama ya duka kubwa la vyakula hapa Dar es Salaam, ambalo sitalitaja jina. Aliingia kama kibarua wa kufagia na kubeba mizigo, baadaye akawa anasaidia kupima na kufunga nyama, na mwishowe akawekwa kwenye msumeno wa umeme wa kukatia mifupa, kwa sababu aliyekuwa akiutumia aliacha kazi. Hakufundishwa hata siku moja. Alionyeshwa swichi ilipo, akaambiwa awaangalie wenzake wanavyofanya.

Ajali ilitokea mkesha wa Idd. Foleni ya wateja ilikuwa ndefu na mbavu za ng'ombe zilikuwa zimetolewa kwenye friza zikiwa bado ngumu kama jiwe. Ile kinga ya chuma inayoufunika msumeno kwa juu ilikuwa imepandishwa hadi mwisho na kufungwa kwa waya, ili vipande vikubwa vipite bila mtu kuirekebisha kila mara. Kipande kimoja kiliteleza, kikageuka ghafla, na mkono wake wa kulia ukaenda nacho. Amepoteza kidole cha shahada chote, na kidole cha kati hadi kwenye kiungo cha pili. Wenzake walimfunga mkono kwa aproni, wakaviokota vidole, wakavitia kwenye mfuko wa kufungia nyama pamoja na barafu iliyotoka sehemu ya samaki, wakampandisha kwenye bajaji. Daktari alipovitazama alisema barafu imekwisha kuviharibu na haviwezi kurudishwa.

Meneja alilipa gharama za hospitali, na kwa hilo ninamshukuru. Siku ya sita alikuja nyumbani na shilingi 300,000 alizoziita pole, pamoja na karatasi iliyoandikwa kwamba mdogo wangu amepokea malipo yake yote na hatakuwa na madai mengine. Alitia sahihi kwa mkono wa kushoto, mkono ambao hajawahi kuandikia, na nilikuwa nimekaa pembeni yake nikiona jina la baba yetu likiandikwa kama la mtoto wa chekechea. Wiki iliyopita alikwenda kuomba kazi nyepesi, akaambiwa nafasi yake imejazwa na asirudi tena.

Ninachotaka kujua ni hiki. Je, ile karatasi imemaliza kila kitu? Hana mkataba wa maandishi, mshahara alikuwa akipewa mkononi. Je, kuna chombo chochote kitakachomtambua kuwa alikuwa mfanyakazi? Na swali la tatu linaninyima usingizi kuliko hayo mawili: aliyewekwa kwenye msumeno ule sasa ni kijana wa miaka 19, jirani yetu, na mdogo wangu ndiye aliyempeleka kuombea kazi pale. Nifanye nini kabla naye hajaumia?

Katibu wa Tawi alijibu:

Pole sana dada, na umfikishie mdogo wako pole zangu. Nimekuwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi kwa miaka mingi na nimesindikiza majeruhi kadhaa kwenye ofisi hizi, kwa hiyo nitaanza na jambo lenye muda mfupi zaidi, kwa maana saa inakimbia.

Kuambiwa asirudi kazini ni kuachishwa kazi, hata kama hakupewa barua. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA, ndani ya siku 30. Umesema aliambiwa wiki iliyopita, basi zimebaki takriban wiki tatu. Andika leo tarehe hiyo, saa, na jina la aliyemwambia. Kanuni za ajira hazimruhusu mwajiri kumwondoa mtu kwa sababu ya ulemavu alioupata kazini bila kwanza kuchunguza ukubwa wa ulemavu wenyewe na kuangalia kama ipo kazi nyingine anayoiweza. Mtu aliyepoteza vidole viwili anaweza kupima nyama, kubandika bei na kupokea mzigo. Hilo ndilo litakaloulizwa pale.

Kuhusu mkataba, msikate tamaa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inaweka dhana kwamba mtu ni mwajiriwa pale mambo fulani yanapokuwepo, na lolote kati ya hayo linatosha: kwamba anapangiwa namna ya kufanya kazi au saa za kazi, kwamba amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, kwamba anategemea kipato chake hapo, kwamba vifaa vya kazi amepewa na huyo mwajiri. Mdogo wako anaingia karibu katika yote. Zaidi ya hapo, kumpa mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri, na akishindwa kuyaleta maandishi hayo kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha unaangukia kwake yeye. Kusanyeni kitambulisho cha dukani kama kipo, picha alizopiga akiwa na aproni, ujumbe wa simu wa kupangiwa zamu, na majina ya wenzake wawili au watatu walio tayari kusema.

Sasa ile karatasi. Fedha ya pole ni fedha ya pole. Fidia ya kuumia kazini Tanzania Bara inatolewa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ambao umeundwa chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na ukaanza kazi mwaka 2015. Mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Mwajiri akishapata habari ya ajali ana siku 7 za kutoa taarifa kwa Mfuko, na wajibu huo hauondolewi na makubaliano yaliyoandikwa sebuleni kwenu siku ya sita, wakati bandeji bado haijafunguliwa. Mfuko nao una mipaka ya muda: ajali isiporipotiwa ndani ya miezi 12 tangu itokee, haki inapotea. Mko wiki ya tisa, kwa hiyo mnayo nafasi, lakini nimeona watu wakingoja ahadi za meneja mpaka mwaka ukapita, na hapo hata mimi sikuwa na la kuwasaidia.

Jambo ambalo wengi hawalielewi ni kwamba fidia hii haitegemei kuthibitisha kosa la mwajiri. Hakuna haja ya kubishana na mtu kama kijana alikuwa mzembe au hakuwa. Kinachotazamwa ni kwamba aliumia akiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Kwa kipindi ambacho hakuweza kufanya kazi kuna malipo ya asilimia 70 ya kipato chake, kuna gharama za matibabu, na baada ya vidonda kupona daktari hufanya tathmini ya ulemavu wa kudumu kwa asilimia. Ulemavu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo inakuwa pensheni ya kila mwezi. Kwa vidole viwili tegemeeni malipo ya mkupuo. Ndiyo sababu rekodi ya kipato chake ina uzito: atakayesema analipwa kidogo atalipwa fidia kidogo.

Nendeni hospitali mkaombe nakala ya taarifa ya matibabu yenye tarehe ya kupokelewa na maelezo ya chanzo cha jeraha. Mara nyingi muuguzi huandika aliloambiwa na aliyemleta mgonjwa, na nimewahi kuona imeandikwa «amejikata nyumbani». Isomeni kabla hamjaondoka dirishani.

Mzee wa Bucha alijibu:

Dada yangu, Katibu amekujibu vizuri upande wa sheria. Mimi nimesimama mbele ya msumeno wa nyama kwa miaka 26, Mwanza na baadaye Dar es Salaam, na vidole vyangu kumi ninavyo, ingawa kimoja kina kovu la mwaka wa kwanza. Ninaomba nieleze mashine yenyewe, kwa sababu watu husema «aliteleza» kana kwamba kuteleza ndiko kulikomkata.

Msumeno wa mifupa ni utepe wa chuma wenye meno, umeungwa ukawa duara, na unazunguka kwenye magurudumu mawili, moja juu na jingine chini ya meza. Kwa kuwa unakwenda chini wakati wote, unaivuta nyama mezani na kuibana. Hilo ni jema mradi nyama imelala vizuri. Ubavu ulioganda umepinda kama upinde. Ukiuweka mgongo juu, unagusa meza kwenye ncha mbili tu, na msumeno unapoushika katikati unaubinua. Mkono unaoushikilia unafuata. Haichukui muda wa mtu kusema «aa». Kwa hiyo nyama iliyoganda huwekwa upande ulio bapa chini, na kama haina upande ulio bapa, inaachwa ilegee kidogo kwenye jokofu kwanza. Mteja atangoja.

Kinga ile iliyofungwa kwa waya ndiyo kiini cha habari yako yote. Imetengenezwa kupanda na kushuka ili sehemu ya msumeno iliyo wazi iwe ni ile tu inayokata. Mimi huishusha mpaka ibaki nafasi ya upana wa kidole juu ya nyama, halafu ninakaza skrubu. Kipande kikibadilika, ninalegeza, ninarekebisha, ninakaza tena. Ni sekunde chache kwa kila kipande, na sekunde hizo ndizo wenye maduka wanazoziona ni hasara siku ya sikukuu. Ukiipandisha hadi mwisho, unaacha utepe wa meno ukiwa wazi tangu mezani hadi kwenye kifua cha mtu, ambapo kazi iliyopo mbele yake inahitaji upana wa kiganja tu.

Kuna kibao cha kusukumia kinachokuja na mashine, na mara nyingi ndicho kinachopotea kwanza kabisa, kwa sababu kinawekwa pembeni wakati wa kuosha na hakirudishwi. Mkono haupaswi kusukuma kipande cha mwisho. Kipande cha mwisho ndicho kinachoondoka na vidole, maana ni kidogo, kina mafuta, na mtu amekwisha kata kumi kabla yake bila tatizo. Kama kibao kimepotea, seremala anatengeneza kingine cha mti mgumu kwa bei ndogo sana.

Jingine, ambalo linawashangaza hata mameneja wenye nia njema: zile glavu za nyuzi za chuma hazifai kwenye msumeno huu. Ni nzuri kwa kisu cha mkono, na zimewaokoa wengi wakati wa kutoa mifupa. Lakini meno ya msumeno yakinasa zile pete, glavu haikatiki, inavutwa, na mkono unavutwa pamoja nayo. Nimemwona kijana aliyenunuliwa glavu hizo na bosi wake kwa upendo kabisa, akavunjwa kiganja.

Usafi nao. Zima swichi, chomoa plagi, uiweke mahali unapoiona wewe mwenyewe, kisha subiri. Utepe unaendelea kuzunguka baada ya swichi kuzimwa, na kwa kelele za duka husikii kama umesimama. Ninayasema haya kwa uchungu kwa sababu mashine ya kusaga na ile ya duara ya kukatia vipande vyembamba huumiza watu wengi wakati wa kuoshwa. Mtu amechoka, anataka kuwahi gari, anapitisha kitambaa kwenye makali huku mwenzake akiwasha umeme ili aone kama taa inafanya kazi.

Kuhusu kijana wa miaka 19, mwambie akate ule waya yeye mwenyewe, kesho asubuhi kabla duka halijafunguliwa, na aishushe kinga. Hakuna meneja atakayesimama mbele ya wateja akamwamuru aipandishe. Akiamriwa hivyo faraghani, aje hapa mtujulishe.

Muuguzi wa Zamu alijibu:

Poleni sana. Nitaandika machache juu ya vidole, ili atakayesoma uzi huu siku nyingine asifanye kosa walilofanya wenzake wale, ambao naamini walikusudia mema.

Kidole kilichokatika hakiwekwi kwenye barafu moja kwa moja, wala kwenye maji. Kinafungwa kwa kitambaa safi au shashi iliyoloweshwa kidogo kwa maji safi ya chumvi ya hospitali, au maji safi ya kunywa kama hakuna mengine, kinatiwa kwenye mfuko usiovuja na kufungwa vizuri, halafu mfuko huo ndio unaowekwa ndani ya chombo chenye maji na barafu. Lengo ni kiwe baridi bila kuganda. Mgonjwa mwenyewe anabanwa kidonda kwa kitambaa safi kwa nguvu na kwa mfululizo, mkono ukiwa juu ya usawa wa moyo, na asipewe chakula wala kinywaji kwa kuwa huenda akapelekwa chumba cha upasuaji. Pelekeni kidole hata kama mnadhani hakifai; aamue daktari. Na si kila kidole kinachorudishwa hata kikihifadhiwa vizuri, hasa kilichosagwa, kwa hiyo dada, wale waliompakia kwenye bajaji wasibebe lawama hiyo mioyoni mwao.

Mkaazi wa Ohio alijibu:

Salaam kutoka Marekani. Nilitoka Kigoma, na kwa miaka saba ninafanya kazi katika sehemu ya nyama ya duka la vyakula hapa. Ninaandika kwa sababu mashine ni zile zile, na vidole vinakatika hata huku.

Mtu aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi na sheria ya huku kuigusa mashine ya umeme ya kukatia nyama, hata kuiosha tu. Siku ya kwanza niliambiwa hivyo kabla sijaonyeshwa kabati la nguo. Pia tangu mwaka 2015 mwajiri analazimika kuitaarifu mamlaka ya serikali ya usalama kazini ndani ya saa 24 mfanyakazi akikatika kiungo, na ncha ya kidole inahesabiwa. Mwenzangu alipokatwa ncha ya kidole gumba alipokuwa akiosha, msumeno haukuguswa tena mpaka walipokuja kuuliza maswali, na sote tulihojiwa mmoja mmoja.

Nimesoma kwamba ule msumeno wa mdogo wako ulitumika kesho yake. Hilo limenikaa moyoni kuliko mengine yote. *[Imerekebishwa: nimeona dada hakuandika hivyo; nilidhani hivyo kwa kuwa ilikuwa sikukuu. Dada, ulitumika?]*

Dada wa Mbagala alijibu:

Nawashukuru wote, nimesoma kila neno kwa sauti ili mdogo wangu naye asikie.

Kaka wa Ohio, ulitumika. Ulioshwa usiku ule ule, na asubuhi ya Idd wateja walikatiwa nyama kwa msumeno ule.

Tumekwenda hospitali leo. Taarifa ya kwanza imeandikwa «jeraha la kisu». Tulimwomba mganga aliyempokea aitazame tena faili, na kwa uungwana wake akaongeza maelezo ya mashine, akatia sahihi na muhuri wa leo. Kesho tunakwenda CMA, keshokutwa WCF. Wenzake wawili wamekubali kuandika majina yao. Wa tatu ana watoto wanne na amesema hawezi, na hatukumsumbua.

Mzee wangu wa Bucha, kijana nimempigia simu jana usiku. Anasema aliukata waya kama ulivyomwelekeza, na mchana akaukuta umefungwa mwingine. Anaogopa kusema lolote.

Katibu wa Tawi alijibu:

Asiseme, na wewe usimtaje popote. Nenda ofisi ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) ukiwa wewe ndugu wa majeruhi, na malalamiko yako yawe juu ya ajali ya mdogo wako, ambayo tayari inajulikana. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamlazimisha mwajiri kuzikinga sehemu hatari za mashine, na mkaguzi ana uwezo wa kuingia na kuizuia mashine isitumike mpaka irekebishwe. Katika barua yako andika maneno haya bila kuyapamba: kwamba kinga ya msumeno imepandishwa na kufungwa kwa waya, kwamba mtu amekatika vidole tarehe fulani, na kwamba hadi tarehe ya barua hii kinga bado imefungwa. Peleka nakala mbili, ile yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Nitakuwa mjini keshokutwa kuanzia saa tatu asubuhi. Nitumie ujumbe wa faragha hapa jukwaani, tukutane WCF, kisha tupeleke na hiyo barua siku hiyo hiyo.